Barua ya wazi: Ile reli ya Voi–Taveta, tupeni tupite wote

Kwa wakubwa wa Shirika la Reli, kwa serikali ya Kaunti ya Taita Taveta, kwa wanaolinda wanyama wa Tsavo, na kwa machifu wote kutoka Voi mpaka Taveta,

Salamu zenu. Wacha niseme ombi kwanza ndio msije mkachoka kusoma kabla sijafika. Tunaomba rizavu ya reli ya zamani, yaani ule ukanda wa ardhi ya reli pande zote za vyuma, kutoka Voi, kupitia Mwatate na Bura, mpaka Maktau, itangazwe rasmi kuwa njia ya umma, ya mtu wa miguu, ya baiskeli, ya mchungaji na mifugo yake, ya mtu wa kiti cha magurudumu, na kila mmoja ajue haki yake na wajibu wake akiwa pale ndani. Vyuma vya reli vikae pale pale vilipo. Hatusemi ving'olewe, hatusemi reli ifutwe kwenye ramani, na hilo nitalirudia huko chini manake najua ndipo wengi wenu mtakunja uso.

Mimi ni mtu wa Mwatate, natembea sana kwa baiskeli, na hii laini nimeifuata vipande vipande kwa miaka sasa, nyingine kwa kupanda nyingine kwa kusukuma. Wengi wenu mnaijua kutoka dirishani kwa gari, mkipita ile lami ya kwenda Taveta mnaona tuta limeinuka kando halafu linapotea kwenye vichaka. Ukishuka ukaifuata kwa miguu ni kitu kingine kabisa. Ukitoka Voi unaanza na mathenge na migunga, miiba ya pale itakutoboa tairi kabla hujaacha mji nyuma, halafu polepole unaanza kupanda bila kujua kama unapanda. Hiyo ndiyo raha ya njia ya reli, treni haiwezi mlima mkali, kwa hivyo waliojenga ilibidi walaze njia, wakate kilima pale, wajaze bonde hapa, wazungushe kona pole pole, mpaka mwinuko wote ukawa wa kubebeka. Mama mwenye mitungi miwili ya lita 20 nyuma ya baiskeli anaweza kupanda nao bila kushuka, na sijui barabara gani nyingine upande wetu unaweza kusema hivyo. Milima ya Taita iko mbele yako muda wote, asubuhi imefunikwa na ukungu juu, na ukifika upande wa mashamba ya mkonge wa Mwatate unaona mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanachoka.

Sasa kitu ambacho nataka mkielewe vizuri ni kwamba hii njia tayari inatumika. Hatuwaombi mlete watu, watu wako pale kila siku kutoka alfajiri, na ukitaka kujua wako pale angalia kile kijia kilichochongwa kando ya mataruma, kimelainika kama sakafu, hakuna tingatinga iliyopita pale, ni nyayo tu. Wanafunzi wanaipita kwa sababu wazazi wamewaambia wasikanyage lami, na wazazi wana haki, malori ya kwenda Holili, kule mpakani Tanzania, hayana mchezo na kando ya lami mtoto hana pa kukimbilia. Wachungaji wanaipita manake mifugo ikiwa juu ya tuta wanaiona yote. Wauza mkaa, wauza ndizi, watu wa kanisani Jumapili. Na siku hizi vijana wa baiskeli wanaotoka Mombasa wikendi na wageni mmoja mmoja wa kutoka nje, wale wanaofuatilia historia ya vita vya kwanza vya dunia.

Shida ni kwamba wanapita wote bila mpango wowote. Kuna mkato mmoja upande wa Bura, kuta za udongo pande zote mbili, katikati pamebaki upana wa kutosha mtu na nusu. Siku moja nimeingia pale nikakutana na ng'ombe wanakuja, kundi si dogo, nyuma yangu wanafunzi wawili wa kike na mama na mitungi yake, na nyuma ya wote hao kijana wa boda anapiga honi mfululizo akitaka tumpishe, tumpishe wapi na ukuta huu hapa. Nami nikapiga kengele. Ng'ombe wa mbele akasimama, akageuka, akawapanda wenzake, vumbi likapanda, mama akalaza baiskeli na mtungi mmoja ukapasuka. Mzee mchungaji alikuja mbele taratibu akatuambia, "Wanangu, ng'ombe hana breki. Ongeeni naye asikie sauti ya mtu, hiyo kengele anadhani ni kitu kinamfukuza." Kisha akampigia mluzi ng'ombe wake mmoja mwenye kengele shingoni, wakapita kando yetu mmoja mmoja, tumebana mgongo kwenye ukuta, pembe zinapita karibu na shavu. Watoto walichelewa shule na yule mama alirudi kisimani, hiyo ndiyo hasara ya siku moja na hakuna mtu aliyeiandika mahali.

Yale maneno ya mzee ndiyo sheria nchi nyingine wanaziandika kwenye vibao. New Zealand wana njia ya Otago Central, reli ya zamani ya kilomita kama 150, ilifunguliwa kwa watu mwaka 2000, wanapita wa miguu, wa baiskeli na wa farasi humo humo, na utaratibu unajulikana, baiskeli inampisha mtu wa miguu, na wote wanampisha mwenye mnyama, unapunguza mwendo unasema neno ili mnyama ajue wewe ni binadamu. Si sheria ya kisomi hiyo. Sisi tukiiandika kwa Kiswahili na Kitaita kwenye kibao pale kila mkato unapoanzia, na wazee wa mtaa wakaisimamia, itashika, manake wenye mifugo wenyewe wanaitaka.

Boda wacha nizungumze nao wazi kwa sababu ni ndugu zangu na wengine watasoma hii barua wakasirike. Msimamo wangu ni kwamba pikipiki isipite kwenye njia hii kama barabara yake ya kila siku. Lami iko kando, pikipiki ina injini, inaweza lami, mtoto wa darasa la tatu hawezi. Lakini siwezi pia kusema marufuku kabisa, kuna boma ziko ndani ambazo hakuna njia nyingine, na usiku mama akishikwa na uchungu ni boda ndiyo ambulensi yake. Kwa hivyo boda ivuke pale pa kuvukia, iingie ikibeba mgonjwa, iingie kufikisha mtu wa boma ambalo halina barabara, na ikiingia iende mwendo wa mtu. Viongozi wa steji wakae chini na wazee waandike ni kina nani na ni wapi. Nimeongea na boda kadhaa wa Mwatate wakaniambia wao wenyewe hawapendi kule, kokoto zinawamalizia tairi, wanapita tu wakikimbia msako wa polisi. Basi hilo ni jambo la kuongea na polisi, mtoto wa shule asilipie.

Kokoto. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mtu akisema njia ya reli ni nzuri kwa baiskeli bila kutaja kokoto huyo hajaipita. Zile kokoto zilimwagwa kushika mataruma yasitembee treni ikipita, zina makali, ni kubwa kama ngumi, gurudumu linazama na kuteleza pembeni, na mzee wa fimbo anakanyaga anapinda kifundo. Ndiyo maana kile kijia kiko kando chini ya tuta na si juu yake. Mvua zikija kile kijia kinageuka mfereji, maji ya tuta lote yanashukia pale. Kinachotakiwa ni murramu ishindiliwe kando, upana wa mita mbili au tatu, na kalvati za zamani zizibuliwe, nyingi bado nzima, ziliwekwa na watu waliojua kazi, zimejaa tu mchanga na majani. Hiyo kazi inafanywa na vijana wetu kwa sururu na toroli, haihitaji kandarasi ya kutoka Nairobi.

Halafu madaraja. Kuna madaraja madogo ya chuma juu ya makorongo, hayana sakafu, ni mataruma tu na nafasi katikati, unaona mchanga wa korongo chini ya miguu yako. Nimeona akina mama wanafanya hivi: anasimamisha baiskeli, anafungua kamba, anavusha mtungi wa kwanza kichwani akiruka taruma mpaka taruma, anarudi, anavusha wa pili, anarudi tena kuchukua baiskeli anaibeba begani. Mtoto mdogo anavuka kwa kutambaa. Mbao chache na kamba ya kushika pande mbili, hicho ndicho kitu cha kwanza ningeomba kama mngenipa kitu kimoja tu mwaka huu. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika kila mahali kwa kiwango kinachofaa, na huku kwetu mtu wa kiti cha magurudumu hata kufika hospitali ni kubebwa. Njia ya reli ndiyo pekee ambayo mwinuko wake unamruhusu, ni sakafu tu inamkatalia.

Mnajua hii laini ilikujaje. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi wakachukua Taveta, wakawa wanatuma vikosi vinapenya msituni kulipua reli kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Waingereza mwaka 1915 wakaanza kulaza reli kutoka Voi kuelekea magharibi wakapigane nao, wakitumia askari na mafundi kutoka India na wapagazi Waafrika ambao wengi majina yao hayako kwenye jiwe lolote. Kiu ilikuwa adui wa kwanza, maji yalivutwa kwa bomba kutoka Bura kwenda kambi ya Maktau. Februari 1916 wakashambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma, mwezi uliofuata wakapita, na reli ikasukumwa mpaka ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe. Vita ikaisha, reli ikabaki ikabeba mkonge na abiria na mizigo. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na laini ambayo uhai wake ulikuwa kuvuka mpaka haikupona tena sawasawa.

Watu wanatoka mbali sana kuja kutafuta makaburi ya babu zao, pale Voi, Maktau, Taveta. Wanashuka kwa gari, wanapiga picha, wanaondoka siku hiyo hiyo, chai wanakunywa hotelini mbali huko. Wangekuwa wanatembea au wanaendesha kutoka Voi wangelala Mwatate, wangekula Bura, wangemlipa kijana wa Maktau awaonyeshe mahandaki. Missouri huko Marekani kuna njia inaitwa Katy Trail, karibu kilomita 386, reli iliyosimama 1986, na vijiji vidogo vilivyokuwa vinakufa sasa vina vyumba vya wageni na mikahawa kwa sababu ya watu wa baiskeli. Uhispania walianza mpango wao 1993, sasa wana zaidi ya kilomita 3,000 na stesheni nyingi za zamani zimegeuzwa nyumba za wageni. Stesheni zetu hizi zina popo na mbuzi. Sitaki kuwadanganya kwamba utalii wa baiskeli utatutajirisha, mimi hata asingekuja mgeni hata mmoja bado ningeandika hii barua kwa ajili ya yule mama na mtungi wake, lakini pesa hiyo ikija pia tutaipokea.

Sasa lile la kukunja uso. Mtasema reli itafufuliwa, treni itarudi, hatuwezi kuwapa watu rizavu halafu tuwatoe. Habari za kufufuliwa tumezisikia mara nyingi, na mimi nataka irudi, kwa moyo wote, ndizi za Taveta zikienda Mombasa kwa treni nani atakataa. Na ndiyo maana nawaambia hii njia ya watu ndiyo itakayowawekea reli yenu. Marekani walipitisha sheria 1983 inayosema laini ambayo haina treni inaweza kuwekwa kama akiba, ardhi isikatwe vipande, watu watembee na kuendesha juu yake, na siku treni inahitajika inarudi, watu wanasogea. Kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu yao na 1990 sheria ikasimama. Sisi hata hatuhitaji kwenda mbali hivyo kwa sababu tunaomba kando ya vyuma, si juu yake. Andikeni kwenye kibali kabisa kwamba hii ni njia ya muda chini ya mali ya reli, haki ya treni ni ya kwanza, treni ikirudi njia itasogezwa na uzio utawekwa. Tutatia sahihi.

Maana angalieni kinachotokea sasa hivi ambapo hakuna mtu wa kuiangalia. Mchanga unafunika, mathenge yanang'oa mataruma, na vyuma vyenyewe vinatolewa macho usiku. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya wizi wa aina hii, nguzo za stima zilikuwa zinaangushwa, halafu miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa. Mwizi wa chuma anapenda mahali pasipo na watu. Njia yenye watoto wa shule asubuhi, wachungaji mchana na walinzi vijana wa kijiji wanaolipwa kitu kidogo, hapo mtu hawezi kuja na msumeno. Na beacons za rizavu, zile nguzo za mpaka, nyingine zimehamishwa, nimeona nyumba ya mawe imekuja hatua chache kutoka kwenye tuta na mwenyewe ana makaratasi, ameuziwa na mtu, sasa treni ikirudi yeye ndiye atalia na yule aliyemuuzia hajulikani alipo. Pimeni upya sasa kabla hawajawa wengi. Wale wanaolima mahindi na pojo pembeni bila kujenga, nawaombea mwaachie walime msimu kwa msimu kwa barua ya chifu, shamba halimzuii mtu kupita na wao ndio macho ya kwanza ya hii njia. Msije mkatumia hii barua yangu kuwafukuza.

Kuhusu wanyama. Karibu asilimia 62 ya hii kaunti ni Tsavo, kila mtu anajua, na laini baada ya Maktau inaingia ndani ya Tsavo Magharibi kabla haijatokea tena upande wa Salaita na Taveta. Kule ndani siombi. Mtu kwa baiskeli mbele ya ndovu au simba ni kifo, na kelele za watu humo si haki kwa wanyama pia. Ombi langu linakomea Maktau, na upande wa Taveta kipande kingine kianze nje ya hifadhi kikijitegemea. Lakini hata hapa nje ndovu wanavuka, hasa kati ya Mwatate na Maktau penye ranchi na hifadhi za jamii, wanavuka jioni kwenda maji na alfajiri kurudi, na tuta wanalipenda kama sisi tunavyolipenda. Kwa hivyo njia iwe ya mchana tu, watu wasiwe humo jua likizama, na maaskari wa wanyama watupe namba moja ya simu inayopokelewa, ili mchungaji akiona kundi atoe taarifa na shule zipigiwe watoto wasitolewe. Hiyo ya simu ingefaa hata kama mengine yote mtayakataa. Na kwenye vibao mtuwekee wapi wanavuka, wazee wanajua kila mahali, waulizeni kabla ya kuleta mtaalamu.

Nimeshapeleka hili wazo kwenye ofisi moja nikaambiwa ardhi si yao, nikaenda nyingine nikaambiwa wanyama si wao, nikaenda ya tatu nikaambiwa niandike barua, niliandika. Siwataji kwa sababu nadhani kila mmoja alisema ukweli wa meza yake. Ndiyo maana hii nimewaandikia wote kwa pamoja. Mkae meza moja, mtu wa reli, mtu wa kaunti, mtu wa wanyama, na wawakilishi wa wachungaji, boda, walimu na watu wenye ulemavu. Mkutano wenyewe ufanyike Mwatate, si Nairobi wala Mombasa, na kabla ya kikao mtembee kipande kimoja, hata kutoka Mwatate mpaka kwenye ule mkato wa Bura tu, kwa miguu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati watoto wanaenda shule.

Mkitaka kuanza kidogo, anzeni Voi mpaka Mwatate. Mbao na kamba kwenye madaraja kabla ya mvua za vuli, kalvati zizibuliwe, vibao kwenye mikato, beacons zipimwe, na barua moja yenye muhuri wa reli inayosema raia akipita pale si mhalifu, manake leo askari akiamua anaweza kumshika mtoto kwa kosa la kuingia mali ya reli. Murramu inaweza kufuata bajeti ya mwaka ujao. Na jibu lenu, liwe ndiyo au hapana, liandikeni kwa Kiswahili mlibandike kwenye ubao wa ofisi za machifu Voi, Mwatate, Bura na Maktau, huko ndiko wanaopita hii njia watalisoma.

Wenu,
Mkazi wa Mwatate